Ngitili Ikifa, Kijiji Kinahama

*Mada iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya wana-Kishapu waishio nje ya wilaya*



Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie hali ya malisho nyumbani, kwa sababu katika mapendekezo ya harambee ya mwaka huu kuna fungu la kuhifadhi ngitili. Nimeambiwa kwamba fungu hilo lilizua maneno kwenye kikao kilichopita. Baadhi yetu waliuliza, na swali lao ni la haki: watoto wanakaa watatu watatu kwenye dawati moja, akina mama wanajifungua kwa mwanga wa tochi, halafu ninyi mnataka tuchangie majani? Nitajitahidi kulijibu swali hilo bila kulikwepa. Lakini kwanza naomba twende pamoja nyumbani, tuitazame nchi yenyewe.

Nchi ilivyofikia hapa

Kijana aliyeko hapa, ambaye ameiona Kishapu ya vumbi tu, anaweza kudhani kwamba Mungu aliiumba hivyo. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa pori la migunga, na kwenye miinuko ilikuwa na miti mikubwa. Ndani ya pori hilo walikuwamo ndorobo, wanaoleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Tangu miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza ulianza kufyeka misitu ili kumnyima ndorobo kivuli. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa ndorobo kwa Tanganyika nzima, chini ya mtaalamu aliyeitwa Swynnerton, na watu wetu waliitwa kupitia kwa watemi kwenda kufyeka kwa mikono. Kazi ile ilikuwa na maana yake. Pasipokuwa na ndorobo, ng'ombe wanapona na watu wanapona.

Baada ya pale likaja zao la pamba. Pamba ilileta fedha, na fedha ya pamba Msukuma aliiweka pale alipoiamini, yaani zizini. Likaja plau, na eka mbili za jembe la mkono zikawa eka kumi. Mashamba yakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na ardhi ya kuchungia ikapungua kwa pande zote mbili. Kisha mwaka 1974 na 1975 ikaja operesheni ya vijiji. Familia zilihamishwa kutoka kwenye miji yao ya asili, na ngitili zao zikabaki nyuma bila mwenyewe. Eneo lisilo na mwenyewe halina wa kusema "hapa bado."

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea mkoa wetu na kusikitishwa na alichokiona. Shinyanga ilikuwa imeshaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Kufikia mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimehesabiwa katika mkoa mzima wa Shinyanga wa wakati ule, pamoja na maeneo ambayo leo yako Simiyu, zilifikia hekta 600 hivi tu. Mkoa mzima, ndugu zangu.

Nyasi zinavyokufa

Wengi tunasema "mvua zimepungua," tunaishia hapo. Mvua za kwetu siku zote zimekuwa za wasiwasi. Ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka mzuri, zikianza Novemba, zikikatika katikati, zikirudi, zikimalizika Aprili au Mei. Lakini swali la kujiuliza ni hili: mvua inaponyesha, inakwenda wapi?

Naomba tufanye hesabu ya darasa la tano. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 30 inaangusha lita 300,000 kwenye hekta moja. Ardhi ikiwa na nyasi, mashina yake yanayapunguza maji mwendo, mizizi imetoboa njia, na maji yanaingia chini. Ardhi ikiwa tupu, matone yanaipiga hadi uso wake unafunga kama sakafu iliyopigwa plasta, na maji yanatiririka. Tuseme nusu tu inatiririka. Hizo ni lita 150,000, sawa na ndoo 7,500 za lita ishirini, kutoka kwenye hekta moja, kwa mvua moja. Zinaingia korongoni, zikiwa zimebeba udongo wa juu ambao ndio wenye rutuba. Wiki mbili baadaye tunasema kuna ukame. Mvua ilikuja, ila haikukuta wa kuipokea.

Na nyasi zenyewe zinakufaje? Kuna nyasi za kudumu, zile zenye shina nene chini na mizizi mirefu, ambazo mwaka hadi mwaka zinachipua kutoka kwenye kisiki chake. Na kuna nyasi za msimu, zinazoota kwa mbegu na kufa mvua zikiisha. Nyasi ya kudumu inapochipua mwanzo wa mvua, inatumia akiba iliyoiweka mizizini. Majani yakikua ndipo inairudisha akiba ile. Ng'ombe akija kuyakata majani machanga, nyasi inachota tena mizizini. Akirudi wiki inayofuata, inachota tena. Ikifanyiwa hivyo misimu mitatu minne mfululizo, inakufa, na wala hatuoni siku iliyokufa, kwa sababu mahali pake panaota nyasi za msimu na magugu, na kwa mbali panaonekana kijani. Februari nchi ni ya kijani. Ifikapo Agosti hakuna kitu, kwa maana nyasi za msimu zimekauka, zimevunjika na upepo umezipeleka Maganzo.

Hapo ndipo mchungaji anapopanda mtini kukata matawi awape ng'ombe. Na jirani anapoona mti umeshakatwa matawi, anaumalizia kwa mkaa.

Walichokijua wazee

Wazee wetu waliijua habari hii bila kwenda chuo. Ndiyo maana wakawa na ngitili. Kwa faida ya vijana, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, likaachwa likue, lizae mbegu na likauke likiwa limesimama. Linafunguliwa kiangazi kikiwa kimeshika, na hufunguliwa kipande kwa kipande. Waswahili husema akiba haiozi. Ngitili ni ghala la ng'ombe, kama vile michembe ilivyo ghala la watoto.

Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI, mwaka 1986, ulianza kwa vitalu na miche ya kupanda, mingi ikiwa ya kigeni. Mingi haikufika mbali. Mchwa, jua na mbuzi viliimaliza. Baadaye wataalamu walikaa na wazee, wakauliza wao walikuwa wakifanyaje zamani, na ngitili ikarudishwa. Vikao vya dagashida viliweka masharti, sungusungu walisimamia, na aliyeingiza ng'ombe kwenye eneo lililofungwa alitozwa faini na wanakijiji wenzake. Miti haikuhitaji kupandwa. Chini ya ardhi visiki vilikuwa hai vikisubiri kupumzishwa.

Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili, katika vijiji vilivyozidi 800. Watafiti walihesabu ndani yake aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo. Walikadiria pia kwamba kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali, matunda na malisho kutoka kwenye ngitili vilikuwa na thamani ya dola za Marekani 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, kiasi kilichozidi matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini nchini wakati ule. Si kila kitu kilikuwa neema. Miti iliporudi, fisi nao walirudi, na kuna waliopoteza mbuzi. Lakini watu walipima faida na hasara, wakaendelea kufunga maeneo yao.

Linganisheni na wenzetu wa Kondoa. Huko mmomonyoko ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO, mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo walitoka kwa amri. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi. Lakini fikirieni familia inayoamka asubuhi zizi likiwa tupu. Kati ya njia hizo mbili, ya amri na ya dagashida, sisi tulibahatika kupata ya pili. Tusipoitunza, ya kwanza ipo na inaweza kuja.

Hali ya sasa, na ng'ombe wetu sisi tulio mbali

Ndugu Mwenyekiti, mradi uliisha, lakini haja haikuisha. Leo katika vijiji vingi vya nyumbani ngitili zinapungua kwa njia nne ambazo kila mmoja hapa anazifahamu. Kwanza, mzee akifariki, ngitili yake inagawanywa kwa wana sita, na eka thelathini zinakuwa eka tano tano ambazo hakuna anayeweza kuzipumzisha. Pili, zinalimwa. Tatu, zinakatwa mkaa. Nne, ngitili ya kijiji inakodishwa kwa mwenye kundi kubwa kutoka mbali, fedha inaingia siku moja na majani yanaisha wiki moja.

Kuna njia ya tano, na hiyo imo humu ukumbini. Wengi wetu tuna ng'ombe nyumbani. Mshahara ukitoka, au biashara ikikaa vizuri, tunamtumia kaka fedha: "Ninunulie mitamba miwili, uiweke pale kwa mzee." Ni jambo jema, ni heshima na ni akiba. Lakini ng'ombe wale wanakula wapi? Wanakula kwenye eneo lile lile lililokuwa likiwatosha ng'ombe wa mzee. Na sisi hatuhudhurii dagashida, hatulipi faini, wala hatuoni majani yanapokwisha. Mdogo wetu anayewachunga anaogopa kuuza hata mmoja kabla ya kiangazi, kwa sababu ni wa kaka aliye Dar es Salaam. Basi ng'ombe anakonda hadi anauzwa kwa bei ya ngozi, au anafia machungani.

Tufanye hesabu nyingine. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe kumi kwa siku 120 za kiangazi wanahitaji kilo 7,200. Tuchukue mfano wa ngitili iliyopumzishwa vizuri, inayotoa kilo 2,000 kwa hekta, na tuseme nusu inaliwa, nusu inabaki kulinda ardhi. Ng'ombe hao kumi watahitaji hekta 7 na kidogo, yaani karibu eka 18. Sasa chukua ardhi iliyochoka inayotoa kilo 300 kwa hekta. Kwa hesabu ile ile, ng'ombe wale wale kumi watahitaji hekta 48, karibu eka 120. Nani humu ana eka 120 nyumbani? Kwa hiyo atakayekuja na ng'ombe kumi kwenye ardhi iliyochoka, analisha kwenye sehemu ya mwenzake.

Na sehemu za wenzetu zikiisha, watu wanahama. Kila mmoja hapa ana mjomba, shangazi au binamu aliyeswaga ng'ombe kwenda Rukwa, Katavi, Usangu, Kilombero au Rufiji. Hawakuondoka kwa kupenda safari. Tuliona mwaka 2006 wafugaji walivyoondolewa bonde la Usangu, wengi wakielekea Pwani na Lindi, na mwaka 2012 ikawa zamu ya bonde la Kilombero. Kuna waliopoteza mifugo njiani na watoto wakakosa masomo. Huko waendako wanakutana na wakulima wenye mashamba yao, na ugomvi unaanza. Wenye kuumia ni watu wasio na ugomvi wa asili, waliokutanishwa na uhaba wa majani.

Jibu la swali la madawati

Sasa narudi kwenye swali tuliloanza nalo. Dawati linahitaji mtoto wa kulikalia. Kaya ikihama Juni kutafuta malisho, dawati tulilochangia linabaki tupu. Msichana anayetembea nusu siku kutafuta kuni hafiki darasani hata likiwa na madawati mia. Zahanati tutaijenga, lakini mtoto anayekosa maziwa kuanzia Agosti hadi Novemba atarudi pale kila mwezi. Na yapo mambo yaliyoandikwa wakati wa HASHI: vijiji vilivyokuwa na ngitili za pamoja viliuza nguzo na mazao mengine, na fedha hiyo ikasaidia kujenga madarasa na huduma nyingine za kijiji. Madawati tukiyanunua sisi, yatavunjika na tutaombwa tena. Ngitili ikisimama, kijiji kinaweza kujinunulia chenyewe.

Sisemi tuache madawati. Nasema fungu la ngitili lisiwe la kwanza kukatwa michango inapopungua.

Tunachoomba

Kamati inaomba mambo matatu, na ninayaunga mkono yote.

La kwanza ni kupima na kuandikisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa hati miliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kutolewa kwa mtu, familia au kikundi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji uwezo wa kupanga hapa ni malisho, hapa ni mashamba, hapa ni makazi. Kijiji kikitunga sheria ndogo, zikapita mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, faini ya dagashida inakuwa na nguvu ya kisheria. Lakini wapimaji wanahitaji posho na mafuta ya gari, alama za mipaka zinahitaji saruji, na vikao vinahitaji siku kadhaa. Hapo ndipo kijiji hukwama, na hapo ndipo mchango wetu unaingia.

La pili ni kuamsha visiki hai. Hatuombi fedha ya miche. Wenzetu wa Dodoma wamelieneza sana jambo hili na hata wao wanaliita kisiki hai: unachagua kwenye kisiki machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, unapunguza mengine, unaweka alama ili mchungaji ajue, na unaacha mizizi ya zamani ifanye kazi. Inahitajika mafunzo, panga kali na uvumilivu. Machipukizi yaliyopunguzwa yanakuwa kuni, na mama anaona faida mwaka ule ule.

La tatu halihitaji fedha kabisa, na huenda ndilo gumu. Kila mwenye ng'ombe nyumbani ampe anayemchungia ruhusa, kwa mdomo wake na mbele ya familia, ya kuuza ng'ombe wa kiume na majike yaliyozeeka mwezi Mei au Juni, wakiwa bado wamenona. Fedha iwekwe benki, au kwenye simu, au irudi kununua mtamba mvua zikinyesha. Na ng'ombe wa mtu aliye mjini wahesabiwe kwenye kanuni za ngitili ya kijiji kama wa mtu mwingine yeyote. Tulipe ada ile ile na faini ile ile. Tukikubali hili, tutakuwa tumechangia kuliko bahasha nyingi.

Mzee mmoja aliyesimama kwenye kikao kilichopita alisema tusiwapelekee watu wa nyumbani masharti kutoka mjini. Nakubaliana naye. Ngitili haikutoka mjini. Ni jina letu, ni desturi yetu, na wao ndio wanaojua wapi pafungwe na lini pafunguliwe. Kazi yetu ni kuwalipia mpimaji, na kuwazuia ng'ombe wetu wenyewe wasivunje masharti yao.

Mvua zitaanza tena Novemba. Kabla ya hapo kila kijiji kitakuwa na kikao cha kuamua eneo gani lifungwe msimu huu. Ningefurahi kama siku hiyo mtendaji wa kijiji akifungua daftari akute majina yetu humo: huyu ametoa mfuko wa saruji, huyu ameuza maksai wawili, huyu ameleta idadi kamili ya ng'ombe wake.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.